Gari la Kulala na Kuvuta Trela Baada ya Kustaafu: Piga Hesabu Kabla Hujalipa

Mtumishi wa umma nchini Kenya hustaafu akiwa na miaka 60. Zamani ilikuwa 55, ikabadilishwa mwaka 2009. Baada ya barua ya kustaafu na miezi ya kufuatilia faili, siku moja mkupuo unaingia. Kwa wazee wetu wengi, hiyo ndiyo pesa kubwa zaidi waliyowahi kuiona kwenye akaunti kwa siku moja, na haitaingia tena. Kinachofuata ni pensheni ya kila mwezi, ambayo ni kidogo kuliko mshahara waliouzoea.

Ndiyo maana swali la gari si dogo. Kwa mtu anayerudi nyumbani Garsen, Ngao, Gamba au Hola, wazo hili lina maana kabisa: nipate gari moja ambalo naweza kulala ndani, na ambalo linaweza kuvuta trela. Shamba liko kando ya mto, watoto wako Malindi na Mombasa, kliniki ya pressure iko mbali, na mbuzi wanahitaji kufika sokoni. Kulala ndani ya gari kunaokoa pesa ya gesti. Trela linabeba mzigo. Mzee anakuwa na uhuru wake.

Wazo ni zuri. Tatizo ni kwamba gari zuri la kulala mara nyingi ni gari baya la kuvuta, na muuzaji hatakuambia. Makala hii inakuonyesha namna ya kuchagua, karatasi za kukagua, na jinsi ya kulipa kwa simu bila kupoteza hata shilingi ya mkupuo wako. Kama wewe bado ni kijana, msomee baba au mama. Wengi wao wanapigiwa simu na madalali hata kabla pesa haijaingia.

Anza na trela, si gari

Watu wengi huanza na gari. Wanaona picha, wanapenda rangi, kisha baadaye wanauliza kama linaweza kuvuta. Geuza mpango huo. Jiulize kwanza: trela langu litabeba nini, na litakuwa na uzito gani likijaa?

Chukua kalamu. Hesabu ni rahisi:

- Tangi la maji la lita 1,000 likijaa ni kilo 1,000, yaani tani moja. Hapo hujahesabu tangi lenyewe.
- Magunia 20 ya mahindi ya kilo 90 ni kilo 1,800.
- Mbuzi 25, tuseme kila mmoja kilo 30, ni kilo 750. Na hawatulii, wanasogea.
- Magunia 30 ya mpunga ya kilo 50 ni kilo 1,500.

Kisha ongeza uzito wa trela lenyewe. Trela la chuma lililochomelewa na fundi wa jua kali linaweza kuwa zito kuliko unavyodhani, kwa sababu fundi hutumia chuma kinene ili kisivunjike. Lipeleke kwenye mizani likiwa tupu, uandike namba. Usikubali maneno ya "hii ni nyepesi tu".

Ukijumlisha ukapata kilo 2,300, basi hiyo ndiyo namba inayochagua gari. Mengine yote yanafuata hapo.

Namba nne ambazo lazima uzijue

Kila gari lina namba zake, na ziko kwenye kitabu cha mtengenezaji au kwenye kibandiko cha chuma ndani ya mlango au chini ya boneti. Omba uone. Dalali asipojua, mwambie akutumie picha.

*1. Uzito wa gari tupu.* Gari bila watu wala mzigo.

*2. Uzito wa juu wa gari.* Gari pamoja na watu, mafuta, kitanda, maji, jiko na kila kitu kilichomo. Ukipita hapo, breki, springi na magurudumu yanafanya kazi ambayo hayakuundiwa.

*3. Uwezo wa kuvuta.* Hapa huwa kuna namba mbili. Ya kwanza ni ya trela lisilo na breki zake, na kwa pikapu nyingi ni kilo 750. Ya pili ni ya trela lenye breki zake, na ndiyo kubwa. Matangazo huandika ile kubwa peke yake. Kama trela lako la jua kali halina breki, ile namba kubwa haikuhusu hata kidogo. Katika nchi nyingi za Ulaya, trela linalopita kilo 750 likijaa ni lazima liwe na breki. Ni kanuni nzuri ya kujifunza kutoka kwao.

*4. Uzito wa msafara wote.* Gari lililojaa pamoja na trela lililojaa. Namba hii ndiyo inayosahaulika zaidi.

Tuchukue mfano. Pikapu ina uzito wa juu wa kilo 3,000, uwezo wa kuvuta kilo 3,500, na uzito wa msafara wote kilo 5,850. Ukisoma haraka unasema, "Hii inavuta tani tatu na nusu." Lakini ukiijaza pikapu yenyewe mpaka kilo 3,000, kinachobaki kwa trela ni 5,850 kutoa 3,000, yaani kilo 2,850. Kilo 650 zimepotea, na hujafanya kosa lolote. Umejaza gari tu.

Sasa fikiria gari la kulala. Kitanda, kabati, mtungi wa gesi, betri ya sola, friji ndogo, tangi la maji la lita 80, nguo, na watu wawili. Gari hilo limejaa hata kabla hujafunga safari. Kila kilo unayoweka ndani kwa ajili ya starehe inaweza kuwa kilo unayoinyima trela.

Kuna jambo moja zaidi: ule ulimi wa trela unaokaa juu ya gari unatakiwa ubebe karibu asilimia 10 ya uzito wa trela. Trela la kilo 2,000 liwe linakandamiza nyuma ya gari kwa kama kilo 200. Ukipakia mzigo wote nyuma, ulimi unainuka na trela linaanza kuyumba kama mkia wa samaki. Ukipakia wote mbele, nyuma ya gari inalala na usukani unakuwa mwepesi. Weka mzigo mzito karibu na ekseli, ukiegemea mbele kidogo. Na zile kilo 200 zinahesabiwa ndani ya uzito wa gari, hazikai hewani.

Gari gani, sasa?

Tuangalie chaguo ambazo mtu wa Tana River anaweza kuzipata kweli.

*Gari-nyumba kutoka ng'ambo.* Haya ni yale magari makubwa ya Ulaya na Marekani yenye jiko na choo ndani. Nchini Kenya ni machache sana. Sheria hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani lazima uwe upande wa kulia. Ndiyo maana lile gari la bei rahisi unaloliona kwenye mtandao wa Marekani halitafika Mombasa. Pia mengi ya magari haya yako chini, na mwili wake unatokeza mbali nyuma ya magurudumu. Ukifunga trela kwenye mkia mrefu kama huo, ulimi unakandamiza kwa nguvu zaidi, kama mtoto aliyekaa mwisho wa bembea ya ubao. Vilevile baadhi yana chesisi iliyoongezwa kipande nyuma. Chuma cha kuvutia trela kikifungwa kwenye kipande hicho, siku ya shimo kubwa kitang'oka.

*Van iliyogeuzwa.* Fundi anachukua Toyota Hiace, anatoa viti, anaweka kitanda na kabati. Inalalika vizuri, inaendeka, vipuri viko kila mji. Lakini uwezo wake wa kuvuta kwa kawaida ni kama nusu ya pikapu kubwa au pungufu. Inafaa trela dogo: mizinga ya nyuki, mashua nyepesi, mbuzi wachache. Kwa tangi la maji la tani moja, itavuta, lakini inachoka, na wewe unachoka nayo.

*Pikapu yenye kanopi au hema la juu.* Hapa ndipo wengi wangefaidika. Isuzu D-Max ya dizeli lita 3.0 ya miaka ya karibuni, Toyota Hilux ya dizeli, au Land Cruiser ya pikapu: matoleo mengi ya magari haya hutajwa kuvuta hadi tani 3.5, trela likiwa na breki. Angalia kitabu cha gari lile unalolinunua, kwa sababu toleo hutofautiana na toleo. D-Max huunganishwa hapa Nairobi na Isuzu East Africa, kwa hiyo vipuri si shida. Unaweka kanopi, godoro, neti na sola ndogo. Si kifahari, ila unalala, na kesho yake unavuta.

*Lori dogo.* Nguvu ipo na nafasi ya kulala ipo. Lakini linakunywa mafuta, magurudumu yake ni ghali, na leseni yako ya gari dogo haitoshi. Mtu wa miaka 65 anayeendesha peke yake kwenda kliniki hahitaji lori.

*Trekta.* Wakulima wa mpunga wanalijua. Kwa kazi ya shamba na trela la mavuno, halina mshindani. Lakini hulali ndani yake na huendi nalo Malindi. Kama trela lako litatembea shambani tu, kukodisha trekta kwa siku za mavuno kunaweza kukumalizia shida yote bila kununua gari lolote.

Maoni yetu ni haya: kama trela lako likijaa linapita kilo 1,000, sahau gari lenye nyumba kamili ndani. Chukua pikapu imara, kulala kuwe rahisi. Kama trela ni dogo na safari za watoto na hospitali ndizo nyingi, van inatosha.

Mto ndio utakaoamua

Gari la Garsen si gari la Nakuru. Tana ndio mto mrefu zaidi Kenya, na unapofika Garsen unaanza kutawanyika kwenye delta kabla ya kuingia baharini karibu na Kipini. Mvua inaweza kuwa imenyesha milimani Mlima Kenya na Aberdare, wewe jua linakuwakia, na baada ya siku kadhaa maji yako mlangoni. Mabwawa ya juu kama Masinga yakijaa na kumwaga, watu wa chini huambiwa wahame.

Mafuriko ya El Niño ya 1997 na 1998 yaliharibu kingo na mashamba ya mradi wa mpunga wa TARDA pale delta. Mwaka 2018 watu wengi wa kaunti walihama. Mwishoni mwa 2023 na tena Mei 2024, maji yalifunika barabara ya Garsen kwenda Lamu sehemu ya Gamba na wasafiri wakakwama.

Kwa hiyo, unapokagua gari, uliza haya:

- *Liko juu kiasi gani?* Pima kutoka ardhini mpaka chuma cha chini kabisa, gari likiwa limepakiwa. Trela pia lipime. Gari linaweza kupita na trela likabaki limekwama.
- *Linaendesha magurudumu yote manne?* Lami ya Malindi–Garsen haina shida. Lakini udongo mweusi wa delta ukilowa, gari la magurudumu mawili lenye trela nyuma haliendi popote.
- *Magurudumu ya trela ni saizi moja na ya gari?* Yakiwa sawa, spea moja inasaidia pande zote mbili. Huku mathenge imejaa, na miba yake inatoboa tairi bila huruma. Beba spea mbili.
- *Hewa inapita wapi?* Joto la Garsen na mbu wake si mchezo. Gari la kulala bila madirisha yenye neti ni oveni.

Na ushauri ambao hauhusu chuma: maji yakiwa juu ya barabara, usipite. Gari linaweza kuelea na kusukumwa hata kama maji yanaonekana ya magotini, na trela linafanya kama tanga. Ukisikia tangazo la mafuriko, hamisha gari na trela mapema, likiwa na vitu vyako vya thamani. Hapo ndipo gari la kulala linageuka kuwa kitu cha maana kuliko starehe: familia ina mahali pakavu pa kulala juu ya mwinuko. Lakini gari hilo liwe na mafuta, na trela liwe limefungwa tayari.

Kwa barabara ya Lamu, ulizia pia hali ya usalama kwa polisi kabla ya kuondoka, na safiri mchana. Usipange kulala kando ya barabara. Lala mahali penye watu na ruhusa: kituo cha mafuta, uwanja wa shule ya jamaa yako, au nyumbani kwa mtu.

Karatasi: gari ni moja, logbuku ni mbili

Trela nchini Kenya husajiliwa peke yake. Lina namba zake zinazoanza na herufi Z, na lina logbuku yake. Ukiuziwa gari "pamoja na trela", unanunua vitu viwili, na unatakiwa kupewa umiliki wa vyote viwili.

Fanya hivi, kwa mpangilio huu:

1. Ingia eCitizen, fungua huduma za NTSA, uombe rekodi za gari kwa kutumia namba ya usajili. Utaona jina la mwenye gari, namba ya chesisi na ya injini. Lipa ada kwa simu kupitia Paybill ya serikali, 222222. Rudia kwa trela.
2. Linganisha namba ya chesisi kwenye rekodi na ile iliyogongwa kwenye chuma. Isome kwa macho yako, iguse kwa kidole. Ikiwa imekwaruzwa au imechomelewa, ondoka.
3. Linganisha jina kwenye rekodi na kitambulisho cha anayekuuzia. "Ni gari la shemeji yangu yuko Qatar" si jibu.
4. Angalia kama gari limewekwa dhamana ya mkopo. Jina la benki au kampuni ya mikopo likiwepo kwenye rekodi pamoja na la mwenye gari, deni lazima limalizwe kwanza. Sajili ya dhamana ya mali inayohamishika, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2017, nayo inapatikana kupitia eCitizen.
5. Kama van imegeuzwa kuwa gari la kulala, hakikisha mabadiliko ya mwili yameandikwa NTSA. La sivyo logbuku inasema gari la mizigo, na bima inaweza kukataa kukulipa ajali ikitokea.
6. Uliza NTSA leseni yako inaruhusu kuvuta trela la uzito gani. Usimuulize dalali.
7. Bima: uliza kwa maandishi kama inafunika trela likiwa limefungwa, na pia likiwa limeegeshwa peke yake.

Uhamisho wa umiliki huanzishwa na muuzaji kwenye akaunti yake, kisha mnunuzi anakubali kwenye akaunti yake. Sheria inakupa siku 14 tu kuendesha gari baada ya kulinunua kabla jina lako halijaingia. Usiridhike na karatasi ya makubaliano peke yake.

Kulipa: simu inafaa wapi, benki inafaa wapi

Simu yako ni chombo kizuri, ila ina mipaka. Kikomo cha kawaida nchini ni shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku, na akaunti ya simu haibebi zaidi ya 500,000.

Tuseme gari ni 1,800,000. Kwa simu utahitaji miamala minane, kwa siku nne. Katika siku hizo nne muuzaji tayari anashika sehemu ya pesa yako na bado hujashika gari. Hapana. Pesa kubwa ipitie benki, siku moja, mkiwa mmekaa pamoja, huku uhamisho wa umiliki ukifanyika. Malipo ya zaidi ya milioni moja hutumwa kwa RTGS, hayaandikwi hundi.

Simu itumie kwa haya:

- *Ada za serikali:* rekodi za NTSA, uhamisho, ukaguzi.
- *Fundi wa kukagua gari.* Mlipe wewe mwenyewe, asilipwe na muuzaji.
- *Arbuni ndogo,* baada ya kuona gari na rekodi, si kabla. Ilipwe kwenye namba ya biashara yenye jina la kampuni inayouza. Kama ni mtu binafsi, jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha liwe lile lile la kwenye logbuku.
- *Bima, mafuta na magurudumu,* ili matumizi yote ya gari yabaki kwenye rekodi.

Kila ujumbe wa malipo uweke. Usiufute. Ukienda kwa polisi au kwa wakili, ujumbe huo na taarifa ya akaunti yako ndio ushahidi.

Maneno ya tapeli, ujue kuyasikia

Tapeli wa magari hakuibii kwa nguvu. Anakuharakisha. Mazungumzo huwa hivi:

"Mzee wangu, shikamoo. Lile gari bado lipo, lakini kuna mteja anakuja na cash jioni. Nitumie elfu hamsini nikushikie."

"Marahaba, mwanangu. Liko wapi nije nilione?"

"Liko yard Mombasa mzee, lakini bosi hawezi kufungua bila arbuni. Tuma kwa namba hii ya sekretari."

Sikiliza vizuri: heshima ipo, haraka ipo, na namba ni ya mtu wa tatu. Jibu lako liwe moja: "Mwanangu, likiuzwa jioni, litakuwa halikuwa langu." Kisha kata simu.

Mengine ya kukumbuka:

- Hakuna mfanyakazi wetu, wa NTSA wala wa ofisi ya pensheni atakayekuomba PIN yako. Hata mara moja.
- Ujumbe wa "pesa imeingia kwako kimakosa, rudisha" usiujibu kabla ya kuangalia salio lako mwenyewe.
- Laini ikikata mtandao ghafla siku ambazo mkupuo unatarajiwa, nenda dukani kwa wakala rasmi mara moja. Huenda mtu anajaribu kuhamisha laini yako.
- Ukituma kwa namba isiyo sahihi, omba kurudishiwa papo hapo. Kila dakika inampa mpokeaji nafasi ya kuitoa.
- Usimpe mjukuu simu na PIN kwa pamoja. Anaweza kukusaidia kusoma, lakini PIN iingize wewe.

Baada ya kununua: gari linakula kila mwezi

Bei ya gari ni mwanzo tu. Kabla hujaamua, andika matumizi ya mwaka mzima: bima ya gari, bima ya trela, ukaguzi kama ni la biashara, magurudumu manne na ya trela, sevisi, mafuta ya safari zako. Gawanya kwa 12. Weka namba hiyo kando ya pensheni yako ya mwezi. Ikiwa gari linakula zaidi ya robo ya pensheni na halileti pesa, fikiria tena.

Kisha hesabu siku. Tuseme kwa kweli utalala ndani ya gari siku 20 kwa mwaka na kuvuta trela siku 15. Tafuta bei ya kukodisha pikapu na trela kwa siku 15, na bei ya gesti kwa siku 20. Wakati mwingine jibu linakuwa wazi: usinunue. Nunua trela peke yake, liegeshe nyumbani, ukodishe gari la kulivuta siku za embe na siku za mpunga.

Na kama umenunua, trela lisilale. Majirani wana maji ya kubeba, nyasi za ng'ombe, mbuzi wa kupeleka soko la Garsen, mizinga ya kuhamisha. Waombe walipe kwa namba yako ya biashara, si mkononi. Baada ya miezi sita, taarifa ya akaunti itakuambia ukweli: trela linaingiza kiasi gani, na mafuta yanakula kiasi gani. Pesa ya trela iweke tofauti na pensheni. Usipozitenganisha, gari litakula chakula cha nyumbani bila wewe kujua.

Orodha ya mfukoni

Nakili hii uende nayo yard:

- Uzito wa trela langu likijaa: ____
- Uwezo wa gari kuvuta, trela likiwa na breki / bila breki: ____
- Uzito wa msafara wote, ukitoa gari lililojaa: ____
- Chuma cha kuvutia trela kimefungwa kwenye chesisi ya asili: ndiyo / hapana
- Namba ya chesisi ya gari na ya trela zimelingana na rekodi: ndiyo / hapana
- Jina la muuzaji, logbuku na akaunti ya kulipwa ni moja: ndiyo / hapana
- Fundi wangu amelikagua na kuliendesha likiwa na trela lenye mzigo: ndiyo / hapana
- Gharama ya mwezi ukilinganisha na pensheni: ____

Ukipata "hapana" hata moja, usilipe siku hiyo. Rudi nyumbani, ongea na mama watoto au baba watoto, ulale. Magari ni mengi. Ukiwa na swali kuhusu kikomo cha miamala au malipo uliyotuma, piga huduma kwa wateja kwa namba iliyo kwenye menyu ya simu yako, si kwa namba uliyotumiwa na mtu.